Niliisingizia Salfa

Ukifika kwetu Matambarale ukauliza kwa nini mimi sina mtoto, utajibiwa kabla hujapewa hata kigoda. Salfa. Jamaa alipulizia sana salfa kwenye mikorosho ujanani, ikamwingia, ikammaliza. Watakueleza na rangi ya ule unga, na jinsi nilivyokuwa nabeba mashine mgongoni kifua wazi, bila kitambaa puani, najifanya chuma. Na kweli nilibeba. Zaidi ya misimu kumi nilipulizia mikorosho yangu na ya watu wengine, natoka shambani njano mpaka kwenye kope, macho yanawasha, nakohoa mpaka nashika mti. Hayo yote ni kweli. Uongo ni lile neno la mwisho tu, kwamba ikammaliza, na uongo huo niliutunga mimi mwenyewe, mbele ya mama yangu mzazi, nikiwa na akili zangu timamu.

Ili unielewe, kwanza nikueleze mjomba kwetu ni nani. Sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakulea, anakulisha, anakuchapa, lakini ukitaka kuoa, ukitaka kuacha, ukigombana na mkeo mpaka sufuria zikaruka, anayeitwa ni kaka wa mama yako. Watu wanakaa kwenye mkeka, wanasema wee mpaka wanachoka, halafu mjomba anatoa neno lake na kikao kimekwisha. Siku hizi wapo wanaokwenda kwa shekhe, wapo wanaokimbilia baraza la kata, lakini kwenye nyumba yetu sisi neno la mjomba bado ndilo linalofunga.

Mjomba wangu alikuwa na sauti ya kutosha uwanja mzima. Alioa wanawake wanne, mmoja baada ya mwingine, na hakupata mtoto hata wa kusingiziwa. Wa kwanza tulielezwa alikuwa tasa. Wa pili tasa pia. Wa tatu eti alirogwa na yule wa pili, na wa nne alikuwa na jini la kwao lisilotaka mtoto. Wote walirudishwa makwao, na hakuna mtu katika ukoo mzima aliyejiuliza bahati gani hiyo ya mwanaume mmoja kuwaokota matasa wote wa wilaya. Leo nikiwaza nataka kucheka, halafu hasira inanipanda mpaka naweka kikombe chini.

Mimi mke wangu nilimwoa kijiji cha Mbwemkuru. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mepesi. Ukigeuka tu, ufuta umeshapepetwa. Tulikaa miaka saba. Mwaka wa kwanza mama yangu alikuwa anamtazama tumbo kwa pembeni, mwaka wa tatu alimtazama waziwazi, na mwaka wa tano dada yangu akaanza kumpeleka kwa waganga. Alikunywa mizizi ya kila rangi. Kuna mmoja alimpa kitu cha kunusa kilichomwangusha chini mchana kweupe. Hakuwahi kuniambia hata siku moja, "Na wewe kapimwe." Au labda aliwahi, kwa namna yake, nikajifanya sisikii. Maana nakumbuka asubuhi moja aliniuliza kama wanaume nao huwa wanapimwa, nikamwambia aache ujinga, aangalie moto.

Mwaka wa saba mjomba akaita kikao. Dada yangu alieleza, mama akaongezea, mjomba akakohoa na kusema, "Mrudisheni kwao akapumzike." Hivyo tu. Kupumzika! Kama vile alikuwa mgonjwa. Mke wangu hakulia. Alinitazama mimi, akingoja, kwa sababu mume ana haki ya kutia neno kabla mkeka haujakunjwa. Mimi nilikuwa naangalia kandambili zangu. Niliziangalia vizuri sana siku ile, mpaka leo najua mkanda wa kulia ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani. Aliondoka kwa bodaboda na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba, na nilimpa talaka yake kama nilivyoambiwa.

Mwaka uliofuata mjomba akafariki. Baada ya arobaini wazee wakanikalisha kitako, wakanikabidhi jina lake na mikorosho yake, na tangu siku hiyo mjomba nikawa mimi. Wenzangu wote niliotoka nao jando wameshapoteza majina yao. Huyu ni Baba wa fulani, yule Baba wa fulani. Mimi naitwa Mjomba, hata na watu ambao hatuna undugu wowote. Wanasema kwa heshima, najua. Lakini inauma, jamani, kuitwa kwa cheo unachopewa na mtoto wa dada yako kwa sababu huna wa kwako wa kukuitia.

Kama miaka miwili baadaye nilikwenda Nachingwea kununua spea ya mashine. Nikapita sokoni, kwenye samaki wakavu, na nani ananiangalia? Mke wangu yule. Ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika sketi.

"Habari za kwenu," akasema.

"Nzuri. Hujambo?"

"Sijambo. Mama mzima?"

"Mzima."

Akamgeuza yule wa mgongoni nimwone uso. "Huyu wa pili," akasema. Hakusema kwa kunikomoa, afadhali angenikomoa. Alisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Halafu akaniuliza, "Na wewe?" Nikamjibu, "Bado." Akatikisa kichwa, akachagua samaki wake, akaenda. Mimi nilibaki pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nafukuza nzi.

Ndiyo siku niliyoamua kupimwa. Lakini wewe unafikiri kusema ni rahisi? Niliporudi tena Nachingwea kwa kazi hiyo, nilimwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke pale wanapopima mbegu." Neno hospitali lilinishinda kabisa. Kijana akasema poa mzee, akanizungusha kwa mwendo mkali, akanishusha kwenye ofisi za kilimo. Mimi kwa aibu sikusoma hata kibao. Nikakaa kwenye foleni na watu wenye vifuko, na ilipofika zamu yangu mama mmoja wa miwani akanyoosha kiganja. "Haya lete tuone. Ufuta au karanga?" Lo! Nikamwambia nimesahau nyumbani. Akanigombeza kwa kumpotezea muda, na alikuwa na haki.

Hospitali nilikwenda kwa miguu. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, anayeongea Kiswahili cha haraka. Nesi alinipa kikopo na kunionyesha choo, na mengine sitayaeleza, itoshe kusema nilitoka nimelowa jasho na sijawahi kutembea uwanja mrefu kama ule, nikiwa na kikopo mfukoni. Baadaye daktari akanilaza kitandani, akafungua droo, akatoa uzi wenye shanga za mti, ndogo mpaka kubwa. Nikadhani ni tasbihi. Nikawaza, mambo yameharibika kiasi hiki mpaka daktari mwenyewe anataka kuniombea dua? Kumbe zile shanga ni za kulinganishia ukubwa wa korodani. Alishika moja mkono huu, na yangu mkono huu, anatazama dari kama mtu anayepima mzigo. "Kawaida kabisa, kaka," akasema. "Huku nje hakuna tatizo lolote."

Nikafurahi. Furaha yangu ilidumu kama nusu saa. Majibu ya kikopo yalikuwa hakuna mbegu. Si chache, si dhaifu, hakuna hata moja. Akanirudisha baada ya wiki kadhaa nikatoe tena, ikawa vilevile. Nikamwambia ni salfa. Nikamweleza misimu yote niliyopulizia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia salfa itanila macho na kifua kama sitajifunga kitambaa, ila kwa hili hadhani kwamba ni yenyewe. Alikuwa na mwenzake Dar es Salaam kwenye utafiti wa wanaume wa namna yangu, akaniomba damu waipeleke huko. Nikatoa. Nilishavua suruali, damu ni nini?

Majibu yalichukua miezi mingi. Alinipigia simu mwenyewe niko shambani, akasema nije tuongee, si ya kusema kwenye simu. Nilikwenda kesho yake. Alichora kwenye karatasi, na karatasi ile nilikuwa nayo mpaka ikachanika mikunjo.

Aliniambia hivi. Mwili una maagizo yake, yanaitwa jeni. Yapo ya urefu, yapo ya rangi, na yapo mengi yanayosimamia korodani tu, tangu uko tumboni mwa mama zinapoumbwa mpaka unapobalehe zinapoanza kazi. Kutengeneza mbegu ni kazi ya hatua nyingi, na kila hatua ina agizo lake. Mimi agizo moja lina kosa. Vijimbegu vinaanza vizuri, vinafika mahali pa kugawanyika, agizo halisomeki, vinakufa. "Ni kama fundi anayejenga nyumba akifika kwenye lenta, kabla ya paa, anaacha," akasema. "Una nyumba nyingi tu humo ndani, kaka, lakini zote zinaishia kwenye lenta."

"Dawa?"

"Kwa hili hatuna."

Akaendelea taratibu, na hapo nikaona anachagua maneno. Agizo hilo, akasema, limekaa kwenye kromosomu inayoitwa X. Mwanaume anayo moja tu, na hawezi kuipata kwa baba. Anaipata kwa mama yake. Mwanamke anazo mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kosa nyingine inamtosha, anazaa kama kawaida, na anaweza kuishi mpaka uzeeni asijue amebeba nini. Mtoto wa kiume atakayegawiwa ile yenye kosa ndiye ataumia.

"Mama yako ana kaka?" akaniuliza.

"Alikuwa naye. Amefariki."

"Aliacha watoto?"

Hakuacha hata mmoja. Wanawake wanne! Tuliwatafutia majini, tukawatafutia wachawi, kumbe mwenyewe amekaa juu ya mkeka anatoa hukumu.

"Na dada?" akauliza daktari. "Dada yako ana mtoto wa kiume?"

Anaye. Mmoja. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa duka la vifaa vya ujenzi Ruangwa mjini, kijana nadhifu, anapenda marashi. Daktari akasema dada yangu huenda amerithi, huenda hakurithi. Na akiwa amerithi, kila mtoto wake wa kiume ni nusu kwa nusu. Akasema ingefaa kijana ajue kabla hajaoa. Nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kila kitu, ndicho kinachonitesa.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama yangu alikuwa ameketi anachambua mboga, na hakuninyanyulia uso, lakini mikono yake ilisimama. Alijua nilikokwenda. Akaniuliza, "Wamesema imetokana na nini, baba?" Mama yangu huniita baba akiwa na hofu.

Sasa fikiria wewe. Umwambie nini? Kwamba ni wewe? Kwamba ulinizaa ukanipa na hili, na kaka yako alikuwa nalo, na wale wanawake hawakuwa na kosa? Ni mwanamke aliyenibeba mgongoni akilima, akanibakizia kiporo chake miaka ya njaa. Niliutazama mkono wake uliokonda, umeshika jani la kisamvu, nikasema, "Salfa, mama. Ni ile salfa."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaficha mdomo kwa khanga, akaona aibu kwamba ameshukuru, akaanza kuilaani salfa na walioileta.

Kabla ya wiki kuisha kijiji kizima kilikuwa na habari. Msimu uliofuata wanawake wakawazuia waume zao kushika mashine. Jirani yangu mmoja aliacha kabisa kupulizia, maua ya mikorosho yake yakashikwa na ubwiri unga, yakakauka meupe meupe kama yaliyomwagiwa majivu, na hakuvuna kitu. Nilipita kwenye shamba lake kila siku. Ningeweza kumwambia, "Mwenzangu, pulizia, jifunge tu kitambaa." Nilimwambia pole.

Kisha kijana akataka kuoa. Binti alikuwa wa Narung'ombe, na anayekwenda kuposa ni nani? Mjomba. Nikavaa kanzu, nikaenda na wazee wawili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba wa binti alipouliza lile swali ambalo kila posa huulizwa, wala halina ubaya. "Katika ukoo wenu kuna ila gani? Kuna kifafa, kuna ukoma, kuna jambo lolote la kurithi ambalo sisi tunapaswa kulijua?"

Mlango wa ndani ulikuwa na pazia la maua. Nililiangalia lile pazia, nikajiambia nusu kwa nusu, nusu kwa nusu, huenda kijana kasalimika, kwa nini nimharibie? Nikasema, "Hakuna." Wakacheka kwa furaha, wakaleta maji ya kunawa.

Walioana. Binti alikuwa mchangamfu, mtani, akinikuta nimekaa peke yangu ananiambia, "Mjomba, unahesabu korosho za mwakani?" Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia simu ya dada yangu nakimbilia kuipokea, nikitumaini ataniambia mkwe ana mimba. Mwaka wa pili nikaacha kutumaini. Niliwahi kwenda Ruangwa mjini mara mbili kwa nia ya kumwambia kijana. Mara zote mbili nilinunua misumari nikarudi.

Mwaka wa tatu dada yangu akaita kikao. Nilijua tangu aliposema "tunakuhitaji, kaka." Mkeka ulitandikwa uani kwake baada ya swala ya alasiri. Mama alikuwepo, amezeeka sana sasa, ameegemea ukuta. Kijana yupo, binti yupo ameketi amenyoosha miguu, na yule mjomba wake wa Narung'ombe amekuja na kofia mpya. Dada akaeleza. Yaleyale, kwa maneno yaleyale. Ningeweza kumsaidia kuyamalizia. Miaka mitatu, dawa zimetumika, hakuna dalili, kijana ni mzima, hajawahi kushika salfa maishani mwake. Alilisema hilo la salfa huku ananitazama kwa huruma.

"Sisi tunasikiliza," akasema yule mjomba wa binti, kwa unyonge, maana kwao ndiko aibu ilikokuwa inaelekezwa.

Wote wakanigeukia. Salfa safari hii haikuwa na msaada wowote kwangu. Nikamtazama binti. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama mumewe, anamngoja aseme kitu. Na yule kijana yuko kwenye simu yake, kidole kinasogea juu, kinasogea chini, hakuna anachosoma. Mungu wangu! Nilijiona mwenyewe pale. Nilijichukia kiasi kwamba mdomo ukafunguka wenyewe.

"Haendi mtu kwao," nikasema. "Binti hana kosa. Kosa liko kwetu, na mimi nilikuwa nalijua."

Nikawaeleza. Sikueleza vizuri kama daktari. Nilichanganya, nikarudia, nikasema mambo ya lenta wakadhani nimeanza kuumwa. Lakini lile la kwamba linatoka kwa mama kwenda kwa mtoto walilielewa haraka kuliko watu wowote duniani, kwa kuwa sisi kila kitu chetu kinatoka huko, jina, ardhi, mikorosho. Dada yangu alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Yule mjomba wa binti alivua kofia.

"Kumbe ni mimi," mama akasema.

"Si wewe, mama. Hukukosea chochote. Ni damu tu."

"Damu ya nani?"

Mama akainua mkono, akaanza kukunja vidole, mdomo unacheza. "Yule mfupi. Yule wa mikeka. Yule aliyekuwa akiimba. Yule aliyefia kwao." Akafika kidole cha tano, akanitazama. "Na wako." Akabaki ameshika vile vidole. "Mimi ndiye niliyewafungia mizigo," akasema. "Wote watano. Kwa mikono yangu." Akalia kwa sauti, mama yangu, mbele ya wakwe, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Kijana aliweka simu mfukoni. "Ulijua lini, mjomba?"

"Kabla hujaoa."

Akasimama, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka. Tangu siku hiyo hajanipa salamu. Nikimwita haitiki, na sina ubavu wa kumkasirikia.

Mkewe ndiye aliyemshawishi akapimwe. Dada yangu aliniambia walikwenda pamoja Nachingwea, kijana na binti, kwa basi la asubuhi, na kwamba binti alimshika mkono njia nzima bila kujali watu. Walirudi na karatasi. Hakuna hata moja, kama mimi, kama marehemu. Ile nusu yangu kwa nusu ilikuwa imeshaanguka tangu kijana yuko tumboni, na mimi niliitegemea miaka yote ile kana kwamba bado ilikuwa inazunguka hewani kama shilingi iliyorushwa.

Nilijiambia angalau nimemwokoa binti na aibu. Ndiyo maana nilisema, si ndiyo? Asifukuzwe. Na kweli hakufukuzwa. Dada yangu alimpigia magoti abaki, mama alimwomba radhi huku anamshika miguu, kijana alimwambia watatafuta mtoto wa kulea. Alikaa miezi minne anafikiri. Halafu akaomba talaka yake mwenyewe, kwa adabu, akapewa.

Asubuhi ya kuondoka alipita kwangu kuniaga, kwa kuwa mjomba huagwa. Bodaboda ilimngoja njiani na begi limeshafungwa. Alikataa kukaa. Uso wake ulikuwa umekonda, na ule utani wote ulikuwa umemtoka.

"Nataka kuzaa, mjomba," akasema. "Nampenda, lakini nataka kuzaa. Mama zangu wote wananiona mbaya kwa kumwacha mtu kwa kitu asichokitaka mwenyewe. Na mimi najiona mbaya. Ningejua mapema labda nisingekuja, labda ningekuja hivyohivyo. Lakini ningekuwa nimechagua."

Nikamwambia anisamehe. Yule wa kwangu wa Nachingwea sijamwomba mpaka leo, na ninajua anakokaa, lakini huyu nilimwomba, nimesimama, mikono nimeikutanisha mbele.

"Nashukuru ulisema siku ile kwenye mkeka," akanijibu. "Wengine wasingesema. Ila siku ya posa, mjomba wangu alipokuuliza, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimezuia pumzi nikusikilize."

Akaweka khanga sawa begani.

"Nilikusikia ukisema hakuna," akasema, akaenda kupanda bodaboda.